Aliyekuja Kushika Lango

Nina mdomo, sikatai. Pale mtaani kwetu Kabeza ukiuliza nyumba yetu kwa jina la marehemu baba, utazungushwa mpaka uchoke. Lakini ukimuulizia yule dada mkali wa wizarani, hata mtoto atakufikisha mlangoni. Mgeni wetu naye alielekezwa hivyo hivyo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ile kazi ya mikono ambayo mtaa mzima hutoka kuifanya kabla maduka hayajafunguliwa. Tulikuwa tumezibua mtaro. Mimi, kama kawaida yangu, nilikuwa nimegombana na mkuu wa mtaa kuhusu watu wenye magari mawili wanaokuja na koleo moja. Narudi nyumbani na buti za mpira, matope hadi magotini, nimevaa koti la mvua la baba ambalo mama amechoka kuniomba nilitupe. Nikakuta pikipiki tatu zimesimama mbele ya lango letu.

Dereva wa kwanza akanigeukia. "Dada, iko hapa nyumba ya ule mwanamuke mukari wa ministeri?"

"Ndiye mimi," nikasema.

Maskini, hakujua auweke wapi uso wake. Abiria wake akateremka taratibu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye suti ya kijivu iliyopigwa pasi na mtu asiyezoea kupiga pasi, kofia mkononi. Pikipiki ya pili ilikuwa na mzee mwenye fimbo, na ya tatu na mama mmoja aliyekumbatia kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Yule mwanamume akanitazama kuanzia buti hadi koti, akatabasamu kama mtu aliyefika kwao. Akaniita kwa jina ambalo si langu.

"Nilijua nitakukuta na matope," akasema. "Si Jumamosi ya mwisho leo?"

Kabla sijamuuliza yeye ni nani, lango lilifunguliwa na mama. Mzee mwenye fimbo akavua kofia, akainama kidogo, akasema kwa Kiswahili cha Ngara, ng'ambo ya mpaka: "Mama, hamjambo hapa. Sisi ni wasafiri. Tumekuja kushika lango."

Mama akashikilia nguzo. Kwetu maneno hayo hayasemwi kwa mzaha. Mtu akimpenda binti wa watu haanzi na pete, wala haanzi na binti mwenyewe. Watu wake hutangulia kwenye lango la wazazi wake, wakajitambulisha, wakasema nia yao, na lango hilo likawa kama limewekewa alama. Mama alikuwa amelisubiri neno hilo kwa miaka mingi kuliko nitakavyokubali kuandika. Mimi nilikuwa nimeshapita umri ambao watu huuliza, nimefika ule ambao watu hunyamaza.

Na mgeni aliyetamka neno hilo haulizwi maswali akiwa amesimama. Hukaribishwa, akaketishwa, akapewa kinywaji, akakinywa. Ndipo yanaanza mazungumzo. Kwa hiyo nilipomfuata mama kwenye kipenu nikamwambia, "Mama, huyu mtu mimi simjui," alinifinya shavu kama nina miaka sita.

"Ndivyo anavyosema binti aliyelelewa," akanong'ona. Macho yalikuwa yanamng'aa. "Kumbe na wewe una siri! Nenda uoshe miguu."

Nikaosha miguu, ningefanyaje? Nikarudi sebuleni, nikakaa pembeni, nimekaza uso. Nilikuwa nimejipanga kumsubiri amalize maziwa yake nimtoe nje na uongo wake wote.

Alikuwa bwana mifugo kule Ngara, mtu wa kuchanja ng'ombe na kuwazalisha, mjane, hana mtoto. Mzee alikuwa mjomba wake, na yule mama wa kikapu alikuwa dada yake mkubwa. Alikuwa na mikono mipana iliyosuguliwa sana, na aliipakata magotini kama vitu vya kuazima. Alitazama sebule yetu polepole, bila kushangaa, kama anayehakikisha.

"Ile ndiyo picha ya mzee," akamwambia dada yake. "Na kiti kile hakikaliwi."

Ni kweli. Kiti cha baba hatukikalii, na hakuna aliyewahi kutukataza. Mama aliacha kumimina maziwa.

"Huyu," akaendelea, akinionyesha kwa kidevu, kwa upole, "hula ukoko wa wali akiwa amesimama jikoni. Ukimpa kiti anakwambia ukoko haukaliwi. Na asubuhi hugombana na redio, tena huisubiri ijibu."

Watu wakacheka. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Akanigeukia mimi sasa, sauti ikashuka. "Na kanisani hutoka nje wanapoimba ule wimbo wa mzee. Unasingizia simu."

Hapo hakucheka mtu. Mama akanitazama. Jambo hilo sikuwahi kumwambia yeye, wala padri, wala rafiki. Kila mara wimbo ule alioupenda baba unapoanzishwa, mimi huweka simu sikioni na kutoka kama mtu mwenye shughuli, nikasimama nje hadi uishe. Nilidhani najificha vizuri.

Kwanza niliogopa, hofu ya mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta mtu ameketi kitandani. Lakini chini ya hofu palikuwa na kitu kingine, nacho naona haya kukiandika. Nilifurahi. Miaka yote ile nilijiona kama ukuta wa nyumba, watu wanauegemea na hakuna anayeutazama. Kumbe kuna mtu ng'ambo ya mpaka ambaye amenijua hivi! Nilimtazama yule mwanamume kwa mshangao ambao sijawahi kuwa nao kwa binadamu mwingine, nikashindwa kumfukuza.

Ndipo mdogo wangu wa kiume alipoingia. Ni wa mwisho kwetu, anaishi chumba cha uani, na alikuwa anafanya kazi Kimihurura, ghorofani, kwenye ofisi aliyosema ni ya huduma kwa wateja. Alikuwa anatoka kwenye umuganda wa upande wa pili, jembe begani. Akaiona ile suti ya kijivu, akaiona kofia, akamsikia mjomba akitaja Ngara. Hakuna aliyemwambia lolote. Jembe likamponyoka likagonga sakafu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nikasimama. "Njoo unisaidie soda jikoni," nikamwambia, nikamshika mkono pale juu ya kiwiko ambapo panauma.

Jikoni alisema yote bila kubanwa sana. Ofisi yao iliuza mazungumzo. Watu wapweke wa nchi hizi zetu, wenye simu na jioni ndefu, walinunua ujumbe mmoja mmoja kumwandikia mwanamke waliyemwona pichani, wakiamini ndiye anayewajibu. Nyuma ya picha walikaa vijana wenye vipokea sauti masikioni, wa kiume kwa wa kike, kila mmoja akiwatunza wanawake kadhaa wasiokuwepo. Kanuni ilikuwa moja: usiseme hapana, usiseme ndiyo, sema bado.

"Wale wa kubuni walikuwa wanachosha," akasema. "Mteja anaongea siku mbili anapotea. Bosi akaniambia mwanamke wangu hana damu. Ndipo nikakuandika wewe, na pichani nikaweka buti zako na koti la baba, uso hauonekani."

"Umeniuza."

"Sikukuuza, dada. Nilikusimulia."

"Kusimulia kwa mshahara kunaitwaje?"

Nikampiga na kitambaa cha vyombo, na sijuti.

"Kila nilichomwambia ni kweli," akasema. "Isipokuwa mimi tu."

Akaniambia kwamba yule mtu alipoanza alikuwa haongei na yeyote isipokuwa ng'ombe. Alikuwa anakula akikumbuka. Mdogo wangu akamfundisha kupika isombe ya mama, yale majani ya muhogo, kwa maandishi, hatua kwa hatua, mpaka akamtumia picha ya sufuria. Kisha mtu akataka kuja. Kanuni ikasema bado. Mdogo wangu akatafuta ukuta wa kumzuia, akamwandikia kwamba kwetu humwoni binti mpaka watu wako washike lango kwa wazazi wake.

"Nilidhani ataishia hapo," akasema. "Nani siku hizi anashika lango la mtu wa kwenye simu? Na sikumpa anwani. Niliandika tu ndege zinavyopita juu ya bati, duka la dawa, ule mteremko. Na mdomo wako."

Nilitaka kumpiga tena, mkono ukakataa. Swali lilinitoka ambalo halikuwa la hasira. "Kanisani ulinionaje?"

"Nakaaga mlango wa nyuma," akasema, akitazama chini. "Nakuonaga. Simu yenyewe imezimwa."

Nikasimama pale kati ya jiko na beseni. Mtoto niliyembeba mgongoni Karagwe, ukimbizini, kabla hatujarudi nchini, ambaye nilidhani hatazami chochote ila kioo cha simu, alikuwa ananitazama mimi. Angeniambia hata neno moja, nyumbani, bure! Lakini alipata pa kulisema, na pa kulisema palikuwa na malipo.

Mama akaita kutoka sebuleni kwa sauti ya sherehe. Wageni wamekunywa, sasa nyumba itoe jibu. Na kwa desturi, neno la lango hujibiwa na mwanamume wa nyumba. Tangu baba afariki, mwanamume wa nyumba yetu ni mmoja.

"Utajibu," nikamwambia. "Na utajibu kweli."

Aliketi kwenye kigoda, mbele ya suti ya kijivu, goti kwa goti. Mjomba akasimama akazungumza vizuri sana, kwa utaratibu ambao siku hizi unasikika kwa nadra. Alisema wameuona moshi wa nyumba hii kutoka mbali, wakajua humu mna moto uliotunzwa, nao kwao kuna nyumba iliyopoa. Wanaomba kaa moja. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Mdogo wangu akakohoa. "Mzee wangu, binti mnayemtaka hayupo. Aliyekuwa anaandika ni mimi."

Mjomba akapiga goti lake kwa furaha. "Ahaa! Mmeanza!"

Dada wa bwana mifugo akapiga makofi, mama akaangua kicheko. Kwetu, na kwao pia, ndivyo mambo haya yanavyokwenda: nyumba ya binti husema binti ameolewa jana, au ni mtawa, au hakuwahi kuzaliwa, na wageni hujibu mzaha kwa mzaha mpaka nyumba ilegee. "Kama ni wewe basi," mjomba akasema, "tutakuchukua wewe, ilimradi unajua kukamua!"

Kicheko kikaenea. Hata bwana mifugo alicheka, akinitupia jicho la aibu. Mdogo wangu akasema tena, "Mzee, si mzaha," nao wakacheka zaidi, maana hata hilo husemwa. Sijawahi kuona kweli ikikosa mlango namna ile.

Akatoa simu yake mfukoni, akafungua akaunti ya kazini. Akaandika kitu kifupi. Ndani ya koti la kijivu simu ikatetema.

Yule mwanamume akaitoa haraka, kwa uso wa mtu aliyezoea kufurahi simu inapotetema. Akasoma. Baadaye niliambiwa kilichoandikwa: *Umeamkaje, bwana mifugo?*, salamu yao ya kila asubuhi. Akanitazama mimi, mikono yangu mitupu magotini. Akamtazama mdogo wangu, na ile simu mkononi mwake. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa pale bila mwenyewe, kisha likafifia.

Ndege ikapita, bati likatetema, tukasubiri ipite. Mjomba alikuwa bado anacheka peke yake. Dada wa bwana mifugo akamgusa bega, akakoma.

"Siku ile nilipokuandikia alivyofariki mama wa nyumba yangu," bwana mifugo akasema, "aliyesoma ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ukaniambia umelia."

"Nililia. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyerudishiwa kitu kidogo katika vingi alivyoibiwa. Nilidhani sasa atapiga kelele. Ningekuwa mimi ningepasua vioo. Yeye alifikiri kwanza, mikono ile mipana imetulia.

"Yale maneno aliyoniambia mwishoni," akasema. "Niliyokuandikia. Yako wapi sasa?"

Mdogo wangu akaigeuza simu yake, kioo chini.

"Kijana. Nimekuuliza."

Ndipo alipoeleza, nami nikajua. Ofisini kwao walikuwa na ghala la maneno. Sentensi yoyote iliyomfanya mteja arudi ilihifadhiwa humo, na kila mwandishi aliruhusiwa kuchota. Bosi aliyasoma maneno ya yule marehemu akayapenda. Yakaingizwa ghalani. Sasa wanawake wengine wa pichani waliyasema kama ya kwao, kwa wanaume wa Mombasa, wa Bujumbura, wa Dubai.

"Kwa hiyo anasemwa," bwana mifugo akasema. "Mke wangu."

"Ndiyo."

"Hata leo?"

"Hata leo."

"Unaweza kuyatoa?"

"Siwezi. Si yangu tena."

Mimi maneno hayo siyajui. Mdogo wangu alitaka kuniambia baadaye nikamkataza, yameshasikiwa na wengi mno. Lakini nilimwona mwenye nayo akiyasikia yakiondoka. Kudanganywa kwake alikuwa amekubeba. Alikuwa mtu mzima, alijua kwamba kwenye simu watu hudanganywa. Hili la pili lilimpinda mgongo. Dada yake aliweka mikono kichwani, kama tunavyofanya msibani.

Nikalipuka basi. Nilimwambia mdogo wangu kila neno ninalolijua, la Kiswahili na la Kinyarwanda, nikamwita mwizi wa makaburi, nikamwambia baba asingemtambua. Mama akasema, "Mana yanjye, Mungu wangu, nyamazeni." Bwana mifugo akainua mkono mmoja.

"Mwache," akaniambia. "Angeweza kusema mmenikataa. Ningeondoka nisijue."

Nikarudi kukaa, kwa mshangao tu. Mtu amevuka mpaka, amepiga pasi suti mwenyewe, ameketi mbele ya watu akiwa bwana harusi na sasa hana mchumba wala siri ya marehemu wake, na bado alikuwa na haki ya kumpimia mwingine, akaipima sawasawa. Sijui watu wa namna hii wanafinyangwa wapi. Nimefanya kazi na wakubwa wa wizarani, kule Kacyiru, nimesikia hotuba za utu na maadili, na sikuwahi kuona vitu hivyo vikikaa kwenye kiti na kunywa maziwa.

Akasimama. Dada yake akanyoosha mkono auchukue ule mzigo wake, kikapu cha samli na asali. Akamzuia.

"Kilichoingia langoni hakitoki," akasema. "Mama, nia yangu ilikuwa ya kweli. Naomba muipokee hivyo hivyo."

Mama akakipokea kikapu kwa mikono miwili, akapiga goti, machozi yanamtiririka. Mdogo wangu alibaki kwenye kigoda, kichwa kati ya magoti.

Mgeni husindikizwa, hata wa namna hiyo. Nilivaa viatu nikawatoa. Mjomba na dada yake walitangulia, sisi wawili tukafuata. Kwenye mteremko ambapo mimi hupumzika kidogo kwa sababu ya goti, alipunguza mwendo kabla sijapunguza. Kisha akakumbuka, akaomba radhi kwa macho kana kwamba amekanyaga mguu wangu, akaongeza mwendo.

Kituoni basi la Remera lilikuwa linajaza. Hawakuwa na kadi ya nauli, nikapanda nikagonga yangu mara tatu, nikateremka. Mjomba na dada walishaingia. Yeye akasimama mlangoni, kofia mkononi, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu simu ilipotetema. Hakuniita lile jina.

"Dada," akasema, "nisamehe. Nimekuzoea bila ruhusa yako. Nayajua mambo yako ambayo hukunipa."

"Nimekusamehe," nikasema. Nilisema upesi, kama mwenye haki.

Akashukuru. Akainamisha kichwa, akaingia, mlango ukafungwa. Basi lilikuwa limeanza kupinda kona nilipohesabu maneno yote yaliyosemwa kwetu siku ile, ya mdogo wangu, ya mama, na yangu mimi mwenye mdomo. Tulikiri, tulilia, tulitukanana. Lakini yeye, hakuna hata mmoja wetu aliyemwomba radhi.